Ukuta Ukipasuka: Safari ya Hesabu ya Wimbi

Mto Sondu hutoka misitu ya Mau ukielekea Ghuba ya Winam, na karibu na Magwagwa, Nyamira, hupita katika bonde lenye miteremko mikali. Bonde la namna hiyo huzibwa kwa ukuta mfupi na kuhifadhi maji mengi, ndiyo sababu wahandisi walipendekeza bwawa hapo. Lingeifaa pia mitambo ya Sondu-Miriu iliyo chini yake, ya megawati 60, ambayo hutegemea mtiririko wa kila siku. Lakini anayepanga bwawa hudaiwa jibu moja mapema: ukuta ukipasuka, maji yatawafikia watu baada ya muda gani?

Mwaka 1871 Mfaransa Saint-Venant aliandika milinganyo miwili: mmoja unahifadhi ujazo wa maji, mwingine unafuatilia msukumo wake. Mwaka 1892 Mjerumani Ritter aliitumia kwa ukuta unaotoweka ghafla juu ya ardhi kavu, tambarare na laini. Maji yakiwa na kina cha mita 50, ncha ya wimbi hukimbia takriban mita 44 kwa sekunde. Mto halisi una mawe na msuguano, kwa hiyo ncha hiyo hupungua kasi.

Tatizo kubwa zaidi ni pale mto unapokuwa tayari na maji. Wimbi husimama kama ukuta, kina huruka ghafla, na milinganyo inayodai mabadiliko ya polepole hukwama. Mwanahisabati Riemann alikuwa ameligusa jambo hili kwa gesi mwaka 1860. Rankine na Hugoniot ndio walioweka sawa kanuni za mruko wenyewe.

Mbona basi ikachukua miongo mingi kupata mbinu ya kukokotoa? Wengine husema kompyuta zilikosekana. Ni kweli, ila naona mashine peke yake isingetosha, kwani hesabu ya kawaida ikikutana na mruko huzaa viwimbi vya uongo. Mwaka 1950 von Neumann na Richtmyer waliongeza mnato wa bandia ili mruko utandazwe kidogo. Mwaka 1959 Godunov wa Moscow alichagua njia ninayoiona bora: aliugawa mkondo vipande, akauchukulia kila mpaka kama ukuta mdogo unaopasuka papo hapo. Kwa mto, maji yanayotoka kipande kimoja ndiyo hasa yanayoingia cha jirani, hivyo hakuna tone linalopotea. Vipande vikiwa vya mita 100 na wimbi likienda mita 25 kwa sekunde, hatua ya muda katika hesabu isizidi sekunde 4, wimbi lisije likaruka kipande kizima.

Mwaka huohuo wa 1959, Desemba 2, bwawa la Malpasset huko Ufaransa lilipasuka, likaua zaidi ya watu 400. Baadaye alama zilizoachwa na maji yake zikawa kipimo cha programu za kompyuta zinazokokotoa mawimbi kama hayo.

Bwawa la Solai, Nakuru, nalo lilibomoka Mei 9, 2018, na watu wasiopungua 47 wakafa. Lilikuwa la udongo, na udongo hautoweki ghafla kama ukuta wa Ritter: maji hupenya, hula kingo na kupanua pengo. Kasi ya upanuzi huo programu haiwezi kuibuni. Hupatikana kwa kuupima udongo wenyewe.