Krismasi, basi la usiku na usingizi wetu

Kila Desemba simu kutoka nyumbani Gehandu, kule Hanang, huwa na swali moja: "Unakuja lini?" Hakuna anayeuliza nitalala lini. Leo tuliangalie hilo kihistoria kidogo.

Katika miaka ya 1990 serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha. Sababu zilikuwa ajali na majambazi waliokuwa wakiteka mabasi. Watu walinung'unika, hasa msimu wa sikukuu. Usiku ukiwa mkubwa basi linalazwa mjini, mnajikunja kwenye viti hadi alfajiri. Lakini amri ile ilifanya jambo ambalo halikutajwa sana: ililaza watu. Dereva alilala, konda alilala, abiria naye akajaribu.

Tusidanganyane, haikuwa raha tupu. Aliyetoka Dar aliamka saa 9 usiku kuwahi basi Ubungo.

Mambo yakabadilika. Lami ya Dodoma–Babati ilizinduliwa mwaka 2018, safari ikawa nyepesi. Juni 2023 aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza bungeni kwamba mabasi ruksa kusafiri saa 24. Nilishangilia. Nikaona nimepata siku moja ya bure: kazini mchana, safarini usiku, nyumbani asubuhi.

Kumbe siku ile nilikuwa nimeikopa kwenye usingizi. Krismasi moja nilifika hivyo, nikapitiliza kuchinja mbuzi, kisha mkesha kanisani. Jioni ya tarehe 25 babu alinikalisha karibu na moto, akaanza kunisimulia jinsi ukoo wetu ulivyohama kutoka Mbulu kuja Hanang kutafuta mashamba na malisho. Nikasinzia. Aliponiona akacheka, akasema, "Kalale, tutaongea kesho." Kesho yake nikageuza na basi la usiku. Machi babu akafariki. Mwandishi wa habari mzima, habari ya kwetu ikanipita nikiwa nimekaa palepale.

Mimi nilipoteza simulizi. Dereva akisinzia tunapotea wote. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ndiyo maana basi la safari ndefu linatakiwa kuwa na madereva wawili, wapokezane.

Sisemi marufuku irudi. Ninachosema ni kwamba zamani amri ilitulaza kwa lazima, sasa ni juu yetu wenyewe. Mwaka huu naondoka siku moja mapema. Kabla ya kupanda nitauliza dereva wa pili yuko wapi. Nikifika nyumbani nalala kwanza, mbuzi atasubiri. Halafu nitakaa na bibi, daftari mkononi, nimsikilize mpaka amalize.

Alamsiki.