Kushindilia na kupachika

Mkulima wa mpunga wa Chimala analijua neno kushindilia kwa uchungu: gunia linasukwa, linakanyagwa, linafungwa lumbesa, na bei inabaki ya gunia moja. Kitenzi hichohicho ndicho cha gobore. Mwenye gobore humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hutia tambara, hufuatisha marisau, kisha hushindilia kwa ufito mpaka vikazane.

Bunduki ya upepo haishindiliwi, na inanisikitisha kusikia kitenzi hicho kikitumika kwayo. Kirisasi chake ni cha madini laini, kimebanwa kiunoni, na nyuma kina sketi nyembamba. Sketi hiyo ndiyo inayoziba upepo usivuje. Ukikisukuma kwa nguvu inapinda, na shabaha inapotea. Kwa hiyo fundi anayerekebisha magazini ya bunduki hiyo inayokwama haongezi nguvu hata kidogo. Huondoa virisasi vyote, hutazama kama tundu la magazini limelingana sawasawa na la mtutu, halafu husugua kingo kali kwa msasa laini hadi kirisasi kiteleze chenyewe.

Kwa kazi ya kukiweka kirisasi mahali pake Kiswahili kina kupachika, kitenzi cha wapiga upinde. Mshale hupachikwa kwenye uzi: unawekwa mahali pake hasa, unatulia, haukandamizwi. Tuseme basi kupachika kirisasi. Marisau yabaki na gobore, maana hayo humiminwa kwa wingi, wala hakuna anayeyapachika moja moja.