Alpaka: fedha isiyo na fedha

Katika masoko ya Cusco, nchini Peru, neno alpaca hutaja vitu viwili visivyo na undugu. Kuna mnyama wa milima ya Andes, jamaa wa llama, anayefugwa kwa ajili ya sufu yake. Na kuna metali nyeupe inayong'aa kama fedha lakini haina hata chembe ya fedha: ni shaba, mara nyingi asilimia 60 hivi, iliyochanganywa na nikeli na zinki.

Wachina waliijua aloi ya namna hii tangu zamani, wakaiita shaba nyeupe. Wajerumani walipoanza kuitengeneza miaka ya 1820 waliipa jina la fedha mpya. Wachina walikuwa wakweli zaidi. Wajerumani walijua biashara.

Mafundi wa Peru hukunja waya wa aloi hii kuwa hereni za kuning'inia, kisha huzitandia nyuzi za rangi kali. Bei yake ni nafuu. Anayetaka fedha halisi hutafuta chapa ya 925, na asiyepatana na nikeli atawashwa masikio hata muuzaji aape vipi.