Kocha, Mchumi, Mganga: Wabunge wa Handeni na Korogwe

Mwanzoni mwa karne ya 20, zaidi ya nusu ya wabunge wa Marekani walikuwa wanasheria. Kijana alifungua ofisi ya uwakili katika mji mdogo, akajulikana mahakamani, kisha akaomba kura. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, Tanzania, njia hiyo haikuwepo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mawakili Waafrika walihesabika kwa vidole, na kitivo cha sheria cha Dar es Salaam ndiyo kwanza kilikuwa kimefunguliwa. Huku watu walijipatia jina kwa kazi nyingine.

Wa kutajwa kwanza ni Joel Bendera. Agosti 1979 alikuwa kocha wa timu ya taifa, Taifa Stars, iliyokwenda Ndola, Zambia, ikiwa na ushindi wa bao 1-0 la nyumbani. Zambia walitangulia, Peter Tino akasawazisha, na sare ile ikaipeleka Tanzania Lagos, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980, kwa mara ya kwanza. Mwaka 2005 Korogwe ilimpa ubunge mtu ambaye nchi nzima ilikwishamjua. Akawa Naibu Waziri aliyeshughulikia michezo, na kiti kilipomponyoka mwaka 2010 akapelekwa kuwa Mkuu wa Mkoa, Morogoro kisha Manyara. Alifariki Desemba 2017. Stars hawakurudi fainali hadi 2019, na inaniuma kwamba hakuiona siku hiyo.

Handeni ilimtuma mchumi. Dk. Abdallah Kigoda alikuwa waziri wa Mipango na Ubinafsishaji wakati wa Rais Mkapa, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, na baadaye Viwanda na Biashara. Alifariki India tarehe 12 Oktoba 2015, siku 13 kabla ya uchaguzi mkuu, akiwa mgombea. Kura za ubunge wa Handeni Mjini zikaahirishwa. Zilipopigwa, kiti kikaenda kwa mwanawe, Omari.

Korogwe Vijijini walimchagua mganga, Stephen Ngonyani, maarufu Profesa Maji Marefu. Wapo waliombeza. Nadhani hawakuvielewa vijiji, ambako mganga husikia maradhi, ugomvi wa mashamba na siri za nyumba kabla ya ofisa yeyote. Alichaguliwa 2010, akarudishwa 2015, akafariki Julai 2018. Nafasi yake akaichukua Timotheo Mnzava wa CCM, aliyepita bila kupingwa.