Besiboli: Raha na hadhari ya kukusanya sahihi za wachezaji

WAHENGA walisema ya kale ni dhahabu. Kwa shabiki wa besiboli nchini Marekani, mpira uliochubuka, kofia iliyopauka au kipande cha tikiti ya mechi ya zamani huhifadhiwa kwenye kabati la vioo mithili ya kito.

Uraibu huu ulishika mizizi mwishoni mwa karne ya 19, kampuni za tumbaku zilipoanza kutia kadi zenye picha za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Mashuhuri zaidi kati ya hizo ni ya Honus Wagner wa Pittsburgh Pirates, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911. Nakala zake ni adimu mno, na mnamo 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Hata hivyo, kinachowavutia wengi ni sahihi. Shabiki hufika uwanjani mapema, wachezaji wakiwa bado katika mazoezi, akasimama kando ya ua akiwa na mpira mpya na kalamu ya wino wa buluu. Humwomba mchezaji aandike jina mahali ambapo mistari miwili ya mshono hukaribiana zaidi, kwani hapo ndipo sahihi hupendeza. Baadaye mpira huo huwekwa mbali na jua, lisije likafifisha wino.

Pesa nazo haziko mbali. Jezi inayoaminika kuvaliwa na Babe Ruth katika fainali za 1932 ilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 24 mnamo 2024. Aidha, mpira ambao Mark McGwire alifungia hom-rani yake ya 70 mwaka 1998 ulinunuliwa kwa takriban dola milioni 3. Miaka mitatu baada ya msimu huo, Barry Bonds aliivunja rekodi hiyo, na mnamo 2010 McGwire akakiri kwamba alikuwa ametumia dawa za kusisimua misuli. Thamani ya kumbukumbu hufuata jina la mwenyewe, likipanda au likishuka.

Penye pesa hapakosi walaghai. Katika miaka ya 1990, Tony Gwynn wa San Diego Padres alitambua kwamba baadhi ya bidhaa zilizouzwa kwa jina lake hakuzitia sahihi yeye. Wapelelezi wa FBI walifumua mtandao wa waghushi, na miongoni mwa vitu walivyonasa ni mipira yenye sahihi bandia ya Mama Teresa, mtawa ambaye hakuwa na uhusiano wowote na mchezo huo.

Kufuatia hali hiyo, ligi kuu ilianzisha mpango wa uthibitishaji mwaka 2001. Afisa hushuhudia tukio kwa macho yake, kisha hubandika kibandiko maalumu chenye nambari ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki.

Mpira uliotiwa sahihi pembeni mwa uwanja pasipo shahidi huwa hauna kibandiko hicho. Vilevile, mchezaji akiongeza jina la shabiki juu ya sahihi yake, bei sokoni kwa kawaida hushuka. Licha ya hayo, wapo mashabiki wanaoomba majina yao yaandikwe makusudi, kwa kuwa hawana nia ya kuuza kamwe.