Kipoyi, Sanduku na Funguo Tatu: Historia Fupi ya Kusaidiana



Mkutano mkuu unakaribia, na swali moja linazunguka toka Rugari mpaka Rubare: kama wafadhili wanatoa, sisi tunachanga ya nini tena? Wengine wanasema mchango wa kila mwezi ni mzigo kwa mtu mwenye amerudi akakuta shamba ni pori na nyumba haina hata bati moja. Neno lao lina uzito. Lakini mbele ya kupiga kura, tumeona vizuri tuangalie nyuma kidogo, juu shirika kama letu halikuanza jana, wala halikushuka ku gari ya msaada.

Kipoyi cha mlima

Tuanzie karibu. Wale wetu wenye walipita Bunagana kwenda Kisoro, kisha Nakivale ao Rwamwanja, wanajua kwamba ng'ambo ile kuna vikundi vinaitwa engozi. Engozi ni kipoyi tu, kile cha kubebea mgonjwa. Huko Kigezi milima ni mikali, barabara zilikuwa chache na hospitali iko mbali. Basi watu wa mlima mmoja walijiandika pamoja. Mtu akigonjwa, wanaume wanapokezana mabegani, wamama wanafuata na chakula. Akifariki, ni wale wale wanamrudisha na wanamzika. Mwenye kukosa bila sababu analipa amande.

Hapo hakuna mwenye kutoa sadaka na hakuna mwenye kuomba. Anayebeba leo ndiye atabebwa kesho. Kwa sababu hiyo, mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, katika Rukungiri, ilipoanzisha bima ya afya, ilipita katika vikundi hivyo. Kikundi kinaingia pamoja, wazima na wagonjwa, kila jamaa inatoa kidogo. Kama wagonjwa peke yao ndio wanaingia, sanduku inaisha mara moja. Engozi walikuwa tayari na liste ya majina, na zaidi ya liste walikuwa na kuaminiana.

Kwetu pia kipoyi kilibeba wengi. Na tuko na likelemba. Kwa wafadhili wenye hawaijui: watu kumi wanatoa kila juma kiasi kimoja, na kila juma mmoja anabeba yote, mpaka zamu inamaliza duru. Haina faida ya benki na haina karatasi nyingi. Inasimama juu ya neno la mtu.

Lakini tukumbuke salongo. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilichukua kazi ya pamoja ya wananchi ikaifanya amri. Watu walikwenda na majembe kwa kuogopa amande, si kwa kupenda. Woga ulipoisha, kazi nayo ikaisha. Kusaidiana kwa kulazimishwa na mkubwa hakuoti mizizi.

Miji ya viwanda

Sasa twende mbali kidogo, Manchester, Uingereza, zamani za Malkia Victoria. Muji ule ulijaa watu wenye walitoka mashambani kuja kufanya kazi ku mashini za pamba. Hawakuwa na mlima wala ukoo karibu. Sheria ya maskini ya 1834 ilitaka mwenye kuomba msaada aingie katika nyumba ya maskini, na aibu kubwa kuliko zote ilikuwa kuzikwa na serikali kama mtu asiye na watu. Wafanyakazi walikuwa wakichanga senti kila juma juu ya ugonjwa na mazishi. Chama kikubwa kimoja, Oddfellows wa Manchester, kilianza 1810. Katika muji jirani wa Rochdale, mwaka 1844, watu 28 walitoa kila mmoja paundi moja, wakafungua duka yao ya unga, siagi na sukari. Ushirika wa dunia nzima unawahesabu hao kama wazee wake.

Pembeni yao kulikuwa na matajiri wenye huruma. Mwaka 1833 waliunda Manchester and Salford District Provident Society. Watu wao walipita nyumba kwa nyumba, wakiwahimiza maskini kuweka akiba, na wakiuliza nani anastahili msaada na nani ni mlevi ao mvivu. Sisi wenye tulipangwa mistari ku makambi, tukiulizwa maswali juu ya jeton, tunajua vile inauma. Ndiyo tofauti ya njia mbili. Kwa msaada, unapokea juu mtu mwingine amekuona mnyonge wa kutosha. Kwa mchango, unapokea juu ni haki yako.

Lakini tusidanganyane, mchango nao una mwisho wake. Vita ya Marekani ya 1861 mpaka 1865 ilikata pamba. Viwanda vya Lancashire vikasimama, na maelfu ya watu wakakosa kazi kwa wakati mmoja. Wafanyakazi walikula akiba yao kwanza, na akiba ikaisha. Vyama vyao havingeweza kubeba watu wote mara moja. Hapo ilihitajika komite kubwa za msaada, na hata Marekani yenyewe, katikati ya vita yake, ilituma mwaka 1863 meli George Griswold na unga.

Somo ni hili: mchango unaweza shida yenye kuja kwa mtu mmoja mmoja. Shida yenye kuangukia wote siku moja inataka mkono wa kutoka inje. Sisi tunaijua kwa macho. Januari 2002 Nyiragongo ilipotiririka katikati ya Goma, na mwezi wa kumi 2022 vita ilipofika hapa Rumangabo na barabara yote ikajaa watu wakielekea Kanyaruchinya, likelemba gani ingetosha? Wenye kubeba kipoyi wenyewe walikuwa wakikimbia.

Katika Kongo yetu muji wa viwanda ulikuwa Elisabethville, leo Lubumbashi, ulioanzishwa 1910 juu ya shaba. Wafanyakazi walitolewa mbali, wengine mpaka Rwanda na Burundi. Huko pia woga ulikuwa ule ule: nikifa hapa, nani atanizika? Wakaingia katika vyama vya mbeni, ngoma yenye ilitoka pwani ya Waswahili na kuenea na safari za askari na wapagazi. Walijipa vyeo vya mfalme na gavana, wakacheza siku ya mapumziko. Lakini nyuma ya ngoma kulikuwa na sanduku ya mgonjwa na ya kilio. Mkoloni aliviangalia kwa jicho la wasiwasi, juu watu wenye wanajua kuzikana wanajua pia kusimama pamoja.

Sanduku ya kabila moja

Kuna sehemu ya historia yenye haifurahishi, lakini tukiificha itarudi. Mobutu alipofungua vyama vingi, Aprili 1990, mutueli nyingi za Kivu ya Kaskazini zilikuwa zimeisha kuwa za kabila moja moja. Zilianza kwa mambo ya mashamba, masomo na vilio. Kisha swali la nani mwenyeji na nani mgeni likaingia, wanasiasa wakaona pale kuna vijana wamekusanyika tayari, na katika mwezi wa tatu 1993 damu ikamwagika toka Ntoto, Walikale, mpaka Masisi. Sanduku ya kuzikana ikawa sanduku ya kuuana.

Hatusemi haya kumshitaki mtu. Tunasema juu ya sharti letu moja: ku fishi ya kuingia tunaandika jina, kijiji na jamaa. Hatuandiki kabila, na hatutaandika.

Tunachopendekeza

Kwanza, mchango ubaki, hata ukipunguzwa. Asiye na franga alete siku moja ya kazi, kama wabeba kipoyi. Mchango huo ni wa ugonjwa, uzazi na kilio, na mwanamemba anapokea bila kuulizwa kama anastahili.

Pili, feza za wafadhili zikae mbali, kwa mambo yenye yanatupita: mabati, mbegu, majembe, na siku ya mbaya yenye kuangukia wote. Wafadhili wetu, musichukue hii kama kukataa mkono wenu. Siku mutakapoenda kusaidia kwingine, mukute tungali tumesimama.

Tatu, sanduku ibaki na kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu wa vijiji mbalimbali, vile vikundi vya AVEC vinafanya tangu njia hiyo ilipoanzia Niger mwaka 1991. Na hesabu zisomwe kwa sauti, juu wengi wetu hatukusoma, lakini wote tuna masikio.

Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Mukuje wote ku mkutano, museme, kisha tupige kura.