Utii Bila Swali: Habari ya Kanungu

Kila mara tunapotaja habari ya Kanungu hapa Bunia, watu wanatujibu namna moja: "Wale walikuwa wajinga." Jibu hilo linatulaza usingizi. Padri Dominic Kataribabo hakuwa mjinga. Alisoma mambo ya dini mpaka Marekani, katika chuo kikuu cha Los Angeles. Joseph Kibweteere alikuwa mtu wa shule na wa siasa, mkristu mwenye kuheshimiwa na parokia yake. Na wengi waliowafuata walikuwa wakatoliki wa kila siku, rozari mkononi, sawa na mama zetu. Basi tuulize vizuri: watu kama hao walifikaje mpaka kukusanyika katika nyumba ile?

Nyumba ile iliwaka moto tarehe 17 ya mwezi wa tatu, mwaka 2000, huko Kanungu, Uganda, karibu na mpaka wetu upande wa Rutshuru. Milango na madirisha yalikuwa yamepigwa misumari. Watu zaidi ya 300 walikufa ndani, watoto pia. Mwanzo ilisemwa kwamba wamejiua. Kisha polisi wakachimbua maiti mengine katika fasi mbalimbali, hata chini ya sakafu ya nyumba ya Padri Kataribabo huko Rugazi, na jumla ikapita 700. Hao waliuawa kabla ya moto. Neno "kujiua" halikutosha tena.

Mambo ya namna hii si mageni kabisa pande zetu. Walugbara wa Aru na wenzao wa ngambo ya Uganda waliyajua zamani, wakati wa maji ya Rembe, nabii wa kabila la Kakwa. Aliyekunywa maji yale aliambiwa kwamba risasi haitamdhuru. Aliyekataa, kwamba atakapokufa atageuka mchwa. Serikali ya Sudan ilimwua Rembe kule Yei mwaka 1917, lakini maji yaliendelea kunywewa, na mwaka 1919 watu wakapigana na askari wa Waingereza. Fikiri mtu mmoja katika kijiji ambamo wote wamekwisha kunywa. Hana haja ya kuamini. Kinachomshinda ni macho ya jirani zake.

Kanungu ilikwenda mbali zaidi, maana haikutumia dawa ya kigeni, ilitumia vitu vyetu wenyewe. Credonia Mwerinde, mwanamke aliyekuwa na baa, alisema kwamba Bikira Maria anamtokea. Mwaka 1989 alikutana na Kibweteere, na kutoka hapo kikazaliwa kikundi cha kurudisha Amri Kumi za Mungu. Nani atakataa amri za Mungu? Wageni walivaa nguo nyeusi, waliosonga mbele wakavaa kijani, waliokomaa kijani na nyeupe. Kwa hiyo kila mtu aliona kwa macho amefika wapi, na nani amemtangulia. Walifunga chakula siku nyingi. Bwana na bibi walitengana. Waliuza mashamba na ng'ombe, wakaleta feza kwa wakubwa. Halafu wakaamriwa kunyamaza: walisemezana kwa ishara za mikono, kusudi mtu asivunje amri inayokataza ushuhuda wa uongo.

Sisi tuliopita katika seminari kubwa tunajua ladha ya ukimya. Ni kitu kizuri, na hatutaki mtu autukane kwa sababu ya Kanungu. Lakini ukimya wa mtawa una mlango: anaweza kusema na muungamishi, anaweza kumwandikia askofu. Ukimya wa Kanungu ulikuwa ukuta. Bibi hakuweza kumwuliza bwana wake kama naye ana shaka. Kila mmoja, akiona wenzake wametulia, alidhani ni yeye peke yake mwenye mashaka, akayahesabu kuwa zambi. Na pengine nusu yao walikuwa na mashaka yale yale!

Viongozi walitangaza kwamba dunia itakwisha tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili, 1999. Siku ikapita. Wengi waliochunguza habari hii wanaona kwamba hapo ndipo watu walianza kufungua midomo na kudai mali waliyouza. Swali lilifika, lakini lilichelewa: aliyeuliza hakuwa na shamba la kurudia, wala jamaa ya kumpokea.

Tusidhani kwamba Eklezya ilizaliwa na hekima yote katika jambo hili. Ilijifunza polepole, na kwa maumivu. Kulikuwa na konventi ambamo mama mkubwa alidai masista wamfunulie siri zote za zamiri zao, akisema ni utii. Papa Leo XIII alikataza jambo hilo kwa amri ya Quemadmodum, tarehe 17 ya mwezi wa kumi na mbili, 1890. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 inalikataza tena katika kanuni ya 630. Na kanuni ya 240 inatuhusu sisi wa seminari: wakati wa kuamua kama seminaristi atapewa daraja au atafukuzwa, ni marufuku kabisa kuomba shauri la muungamishi wake au la padri wake wa roho. Mkubwa anaweza kuamuru mengi, lakini hapo mguu wake sharti usimame.

Tulipowaeleza vijana kanuni hiyo, mmoja aliuliza: "Padri, na kama mkubwa anasema Bikira Maria mwenyewe ndiye amemwambia?" Wenzake walicheka. Tuliwaambia wasicheke, maana huko Mbarara Askofu Kakubi alikuwa amewakataza mapadri wale kazi yao ya upadri miaka mingi kabla ya moto. Watu walilijua neno la askofu. Waliambiwa kwamba neno la Maria ni kubwa kuliko la askofu, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza ni nani amelisikia.